Ukoka Usiosamehe

Ng'ombe walikuwa wamesimama katikati ya chakula, na hawali.

Simaloi alizima pikipiki yake ya umeme ukingoni mwa malisho, akavua kofia ngumu, akashika kiuno. Kijani kilianza hapo miguuni pake kikaenda mpaka kwenye vilima vya Esoit, kijani cha kutia wivu, wakati nje ya malisho nchi yote ilikuwa na rangi ya majivu. Mvua za masika zilikuwa zimeacha kufika huku tangu yeye yuko shule ya msingi. Na humo ndani ya kijani makundi mawili, la kijiji chake cha Olkeri na la majirani wa Esoit, yalikuwa yamesimama vichwa juu, yakilia njaa huku majani yakiyafikia magotini.

Mtu mwingine angeona ajabu. Simaloi aliona ametukanwa. Ukoka ule ulikuwa wake. Hakuupanda tu, aliutengeneza mwenyewe, jeni kwa jeni, katika maabara ya taasisi ya malisho, kutoka ukoka wa kawaida huu wa kando ya njia ambao kila mtu anaukanyaga, hadi akapata nyasi isiyokufa kwa kiangazi wala kwisha kwa kuliwa. Wiki nzima iliyopita alikuwa mjini akipewa nishani kwa ajili yake, na nishani yenyewe bado ilikuwa ndani ya begi, imezungushiwa kanga isije ikakwaruzika. Hakuwa mwanamke wa kujishuku, na tuseme kweli, hakuwa na sababu nyingi za kujishuku.

"Umefika, daktari wa majani," alisema Mzee Parkepu, mwenyekiti wa kamati ya malisho ya Olkeri na mdogo wake marehemu baba yake. Kwa kawaida akimwita hivyo hucheka. Leo hakucheka.

"Shikamoo, baba mdogo. Wameanza lini?"

"Marahaba. Juzi. Kwanza tulidhani ni ugonjwa wa midomo. Tukawafungua midomo, ni safi. Ukimpa pumba anakula, ukimpa maganda ya maharage anakula. Ukimrudisha hapa anakuangalia kama umemtukania mama yake."

Simaloi akapiga magoti, akainama, akaung'ata ukoka palepale ardhini kama ndama. Ndivyo alivyozoea kuuonja, na wachungaji walishachoka kumcheka. Akatafuna mara mbili, akatema. Ulikuwa mchungu kama shubiri.

"Watu wa Esoit wanasemaje?"

"Wanasema tuliwapa amani kwa mkono wa kulia na sumu kwa wa kushoto. Si unajua ule ugomvi wa kisimani, kijana wao Melita akavunjwa mkono? Wewe ukiwa mjini tulikaa nao hapa tukayamaliza. Tukawaambia leteni ng'ombe wenu, kiangazi hiki tule pamoja. Wakaleta. Hata hawajatulia, majani yakawa hivi. Ungekuwa wewe ungesemaje?"

"Na vijana wetu?"

"Wanasema waliotia sumu ni haohao Esoit, ili sisi tuonekane hatushiki neno letu. Marungu yameshatoka ndani, Simaloi. Nimewazuia kwa maneno matupu, na maneno yenyewe yananiishia."

"Hakuna anayeweza kuudhuru ukoka wangu nisijue," alisema Simaloi akijipangusa magoti. "Ukiguswa vibaya, unasema. Leo hiihii nitakupa jina la aliyeugusa."

Aliitoa ahadi hiyo kwa sauti ya kuwafikia hata wachungaji wa Esoit waliokuwa ng'ambo wakisikiliza. Hakuwa mtu wa kuahidi kwa kunong'ona.

*

Kibanda cha maabara kilikuwa kontena lililopakwa chokaa, na ndani yake aliketi Leboi, mdogo wake Simaloi, akichokonoa bawa la droni kwa bisibisi. Mguu wake wa bandia ulikuwa umeegeshwa ukutani, maana kwenye joto ulimwasha.

"Dada, nishani iko wapi? Nataka nione kama ni dhahabu au ni rangi."

"Acha utani. Nipe kisomaji."

Kisomaji kilikuwa kifaa cha ukubwa wa kiganja chenye sindano nyembamba mbele. Watu wa Olkeri walikiita redio, kwa sababu Simaloi akikichomeka kwenye ukoka hukisikiliza huku amefumba macho. Ukoka ukilalamikia jeraha jipya karibu nacho, hulia chenyewe hata kikiwa mfukoni. Akatoka nacho, akachoma sindano kwenye shina moja linalotambaa, akangoja. Kwenye kioo yakaja maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe miaka ile alipokuwa akiufundisha ukoka kusema: majeraha makavu, mengi.

Hapo roho yake ikatulia kidogo. Basi kinga ilikuwa imefanya kazi.

Kinga ndiyo ilikuwa kazi ya moyo wake, kuliko hata ule ustahimilivu wa kiangazi ambao watu wa nishani waliusifu. Zamani, majani yalipoadimika, wakataji walikuwa wakija na mashine na mapanga, wanafyeka malisho ya watu na kwenda kuyauza mjini. Alfajiri moja Leboi aliwakuta, akasimama mbele yao na fimbo yake ya kuchungia. Walimkata mguu. Simaloi alikuwa chuo kikuu, na tangu siku hiyo hakutaka tena kutengeneza nyasi ya kupendeza tu. Alitaka nyasi isiyohitaji mchungaji asimame mbele ya panga.

Njia aliyoipata ilikuwa rahisi kuieleza. Ng'ombe akiuma, huacha mate. Panga likikata, haliachi kitu. Ukoka wa Simaloi ukipata jeraha lenye mate hutulia na kuchipua upya. Ukipata jeraha kavu hupika uchungu, na kwa kuwa malisho yote ni mmea mmoja uliotambaa na kushikana, habari hupita shina hadi shina. Ukikata kidogo, unachacha kidogo na kusahau. Ukikata sana, malisho yote yanakuwa shubiri mpaka mvua inyeshe. Wakataji walikuja mara moja, wakakata lori zima, na huko mjini hakuna ng'ombe aliyekubali kuyagusa. Hawakurudi. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyemwaga damu, na watoto wa Olkeri walianza kwenda shule badala ya kulinda majani.

"Wamerudi," Simaloi alimwambia Leboi. "Rusha droni unionyeshe wapi wamekata."

Leboi akarusha. Picha ikaja, malisho yote kwa rangi ya kijani, na majeraha kwa rangi nyekundu. Simaloi alitazamia kuona mistari mirefu iliyonyooka, njia ya mashine. Aliona duara. Vidoa vidogo mno, mamia kwa mamia, vimelizunguka jiwe la mpaka wa Olkeri na Esoit kama siafu.

"Hawa ni wezi wa wapi," alisema Leboi, "wanaokata kwa kuzunguka ngoma?"

Wakaenda wote watatu, Mzee Parkepu akiwa nyuma ya pikipiki ameshika kofia yake. Kwenye jiwe la mpaka ukoka ulikuwa umelala kwa kukanyagwa na watu wengi. Simaloi akachomeka kisomaji, akatazama huku na huku.

"Baba mdogo, hapa palikuwa na nani?"

"Sisi. Si nimekwambia tulikaa nao? Hapa ndipo tulipokaa."

"Mlikata majani?"

"Kukata!" Mzee alikasirika waziwazi. "Nani akate? Sisi ni wakataji? Tulipatana tu kama watu wanavyopatana. Mama Melita, mama wa yule kijana, alisimama pale. Mimi nikasimama hapa. Nikainama hivi," akainama, mkono wa kulia ukashuka, ukachuma konzi ya ukoka mbichi, ukapanda nayo juu ya kichwa, "nikamwita mama, nikasema, yeyo, tumekosa."

Kisomaji kilicho mkononi mwa Simaloi kikalia.

Mzee aliangalia kile kifaa, akaangalia majani mkononi mwake, akayashusha polepole kama mtu aliyekutwa ameshika kitu cha wenyewe.

Kila mtoto wa pande hizi anajua. Mwenye majani mabichi mkononi hapigwi. Ukimkosea mtu, unachuma, unainua, na yeye akiyapokea, yamekwisha. Hata mtoto anayefukuzwa na mama yake kwa kiboko hukimbilia penye majani, na mama hushusha kiboko hata kama hasira bado anazo. Simaloi mwenyewe alikuwa amejiokoa hivyo utotoni mara zisizo na idadi, maana alikuwa mtundu. Na alipokaa maabara akawaza yote yanayoweza kuujeruhi ukoka, aliwaza mashine, aliwaza panga, mundu, nzige, hata mvua ya mawe. Mkono wa mtu anayeomba radhi hakuuwaza. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Mlichuma wangapi?" aliuliza.

"Wote. Sisi wote na wao wote. Ilikuwa siku nzuri sana," alisema Mzee Parkepu, na sauti yake ikapungua. "Haya, daktari. Uliniahidi jina la aliyeugusa."

"Ni wewe, baba mdogo. Na Mama Melita, na kila aliyekuja hapa kwa moyo safi. Nilitengeneza nyasi inayowaona ninyi ni wezi."

*

Dk. Mwakipesile, mkurugenzi wa taasisi, alisikiliza habari yote kwenye kioo cha kompyuta huku akikuna ndevu. Alikuwa mtu mwema, mwenye busara ya ofisini, na alimpenda Simaloi kama mwalimu anavyompenda mwanafunzi aliyempita.

"Subirini mvua. Uchungu utaisha wenyewe."

"Ng'ombe wa Esoit hawatafika kwenye mvua. Mbavu zao unaweza kuzihesabu ukiwa barabarani."

"Basi waambie wakitaka kupatana wachume majani mengine."

"Lazima yawe mabichi, daktari. Na kiangazi hiki kibichi kilichobaki ni changu."

"Wapeane mikono, basi, kama watu wengine."

Simaloi alijishughulisha na nyaya za kompyuta ili asimjibu mkubwa wake vibaya. Dk. Mwakipesile akaelewa, akashusha pumzi.

"Inabaki dawa ya kusahau. Unayo hapo?"

Alikuwa nayo. Ilikuwa kwenye madumu chini ya meza, bakteria wanaoingia kwenye mizizi na kulizima lile jeni la uchungu. Waliitengeneza kwa tahadhari tu, wakaijaribu kwenye vyungu, haikuwahi kutoka nje.

"Ukiinyunyiza, kinga inafutika," alisema mkurugenzi. "Si kwa msimu mmoja, ni moja kwa moja, maana ule ni mmea mmoja. Utabaki na ukoka mzuri usio na meno. Kwa hiyo nisikilize kama ninavyokusikiliza mimi siku zote. Nyunyiza kimya. Sema ilikuwa ni ugonjwa, umetibu. Wakataji wakiendelea kuamini kwamba unajilinda, hawatakuja. Woga peke yake unatosha. Lakini ukisimama mbele ya watu ukasema hauna kinga, umewaita wewe mwenyewe."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomkera Simaloi. Alizima kompyuta akakaa akiitazama sakafu. Akinyamaza, malisho yanapona na uongo unayalinda. Akisema, miaka yake yote inabaki wazi kama zizi lisilo na lango, na mguu wa mdogo wake unakuwa umekwenda bure.

Hodi ikabishwa. Mlangoni alisimama mwanamke mrefu, shanga zake za shingoni zimepauka, kwenye pindo la shuka yake amefunga kitu. Simaloi alimjua kwa sura: Mama Melita wa Esoit.

"Shikamoo, yeyo. Karibu ndani."

"Marahaba. Sikai." Akafungua pindo. Ndani yake kulikuwa na konzi ya ukoka uliokauka. "Haya alinipa baba yako mdogo. Niliyapokea kwa ajili ya mkono wa mwanangu, ambao mpaka leo uko kwenye plasta. Sasa ng'ombe wangu wanalia njaa ndani ya majani yenu, na watu wangu wananiuliza mimi nilipokea nini. Nimekuja kuyarudisha."

Majani yakirudishwa, hakuna tena maneno. Vijana wa pande zote mbili walikuwa wakingoja hilo tu.

"Usiyarudishe leo, yeyo. Nakuomba. Kesho jua likiwa utosini njoo nayo pale mpakani. Ukitaka kuyarudisha, utayarudisha mbele ya wote."

Mama Melita alimtazama kwa muda mrefu, macho ya mtu anayekagua mnyama mnadani.

"Wewe ndiye mwenye ukoka?"

"Ndiye mimi."

"Kesho, basi. Lakini nitakuja na watu, na hawatakuja kukaa."

Alipoondoka, Leboi aliweka bisibisi chini. Alikuwa amekaa pembeni muda wote huo na alikuwa amesikia yote.

"Utanyunyiza?"

"Nitanyunyiza. Ila sijui kama nitasema." Simaloi aligeuka, na machozi yakawa karibu kuliko alivyopenda. "Niliufanya uwe hivi kwa ajili yako, Leboi. Ili asikatwe mwingine."

"Najua. Hukuniuliza, lakini najua." Leboi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Dada, unadhani kwa nini walinikata mguu wakaacha shingo?"

Simaloi alivuta kiti, akaketi mbele yake.

"Nilianguka. Yule mwenye panga alikuwa ameliinua tena. Mimi fimbo imeruka huko, sina kitu, nikashika kilichokuwa karibu, nikachuma, nikainua. Sikuwaza, mkono wenyewe ulikwenda. Yule bwana akaitazama ile konzi. Akashusha panga. Akawaita wenzake, wakaondoka na lori tupu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulifika hospitali ukiwa na jibu tayari. Unajijua." Akauchukua mguu wake ukutani, akaanza kuufunga mikanda. "Ningeanguka juu ya huu ukoka wako wa kisasa ningechuma vilevile. Nawe ungeniandika mwizi."

*

Kulipopambazuka waliyarusha madroni yote, kila moja na dumu lake. Leboi aliyaanzisha kwenye jiwe la mpaka na kuyatuma mstari kwa mstari hadi vilimani. Dawa ilishuka kama umande na haikuwa na harufu. Wachungaji waliombwa wawaweke ng'ombe nje ya malisho, wakakubali kwa shingo upande.

Simaloi aliizunguka kazi yake kwa miguu. Kwenye vyungu uchungu ulikuwa ukitoka baada ya jua la nusu siku, lakini chungu ni chungu na malisho ni malisho. Jua lilipopanda alipiga magoti kwenye jiwe akaonja. Mchungu bado. Akasogea, akaonja pengine. Mchungu, lakini pengine kidogo chini ya ule wa jana, au pengine ni ulimi wake uliotaka iwe hivyo.

"Vipi?" aliuliza Leboi.

"Sijui."

"Hilo neno sijawahi kulisikia kutoka kwako. Rudia ili nilirekodi."

Alimpiga kofi la bega, na hapo akajikuta ametulia. Kwenye kisomaji hakutaka kuangalia, alikitia mfukoni. Alikuwa ameshaamua, na kuamua kulimfaa siku zote.

Watu wa Esoit walikuja kama Mama Melita alivyosema, wakasimama upande wao wa jiwe. Wa Olkeri wakasimama upande wa pili, Mzee Parkepu mbele. Nyuma ya kila upande kulikuwa na ng'ombe wenye njaa, na mbele ya ng'ombe vijana wenye marungu. Melita alikuwepo, mkono wenye plasta umening'inizwa shingoni. Hakuna aliyeketi.

Simaloi alisimama karibu na jiwe, katikati.

"Hakuna aliyetia sumu," alisema. "Si Olkeri, si Esoit. Ukoka huu niliuwekea kinga dhidi ya wakataji. Ukichumwa bila mate ya ng'ombe unakuwa mchungu. Siku ile mlipopatana hapa, kila mmoja wenu alichuma, na ukoka ukadhani umevamiwa. Amani yenu ndiyo iliyoufanya uwe shubiri. Kosa si lenu. Kosa ni la aliyeutengeneza, na ni mimi. Mimi ni mtoto wa hapa, nimeokolewa na majani tangu sijui kuongea vizuri, nikakaa kwenye kiti kizuri na kuwasahau."

Minong'ono ikaanza. Angeweza kuishia hapo. Dk. Mwakipesile angempigia makofi.

"Leo asubuhi nimeifuta ile kinga," aliendelea, akipandisha sauti. "Haitarudi. Kuanzia leo yeyote anaweza kuja na panga akakata akauza, na majani yatakuwa matamu. Malisho haya hayana tena mlinzi isipokuwa ninyi mliosimama hapa. Ningeweza kuwaficha. Sikutaka muishi kwa kulindwa na uongo wangu."

Minong'ono ikawa kelele.

"Umeuvua nguo mbele ya watu!" Mzee Parkepu alikuwa amepigwa na butwaa. "Simaloi! Watakuja kabla ya mwezi kuandama!"

"Maneno tu hayo!" alipaza sauti kijana mmoja wa Esoit. "Ng'ombe wetu wamekonda, anatuhutubia!" Na kijana wa Olkeri akajibu kwa tusi, na rungu moja likapanda, kisha jingine, na watu wa mbele wakaanza kusukumwa na wa nyuma. Simaloi alikuwa bado katikati.

Hakufikiri. Mkono ulishuka wenyewe, kama alivyosema Leboi. Akachuma konzi kamili ya ukoka, ukapasuka kwa mlio ule wa kitambaa kinachochanwa, akaiinua juu ya kichwa chake, akageuka kumkabili Mama Melita.

"Yeyo," alisema, "nimekosa."

Marungu yakabaki hewani. Kelele zikakatika, upande huu kwanza, kisha ule. Mtu mzima mwenye nishani kwenye begi alikuwa amesimama na majani mkononi kama mtoto aliyevunja kibuyu cha maziwa, na hakuna mkono uliokuwa na ruhusa ya kumgusa. Vijana wakashusha marungu mmoja baada ya mwingine, wengine kwa kununa.

Mama Melita alifungua pindo la shuka yake. Akayatazama majani yake makavu, akayatazama mabichi ya Simaloi. Alifungua mdomo.

Wakati huohuo mtamba mmoja mwekundu mwenye paji jeupe, mali ya Mama Melita mwenyewe, aliyejulikana Esoit nzima kwa kukosa adabu, aliponyoka nyuma ya wachungaji, akapenya katikati ya watu akiwasukuma kwa mbavu zake zilizochongoka, akanyoosha shingo. Akanusa konzi ya Simaloi. Kisha akaivuta yote kwa ulimi, akafumba macho, akatafuna.

Watu wote walikuwa wakiutazama mdomo wa ng'ombe. Mtamba akameza. Akautafuta mkono wa Simaloi, akaulamba ukiwa mtupu, akakasirika, akainamisha kichwa na kuanza kula hapohapo miguuni pake, akikwangua kwa pupa.

Wa kwanza kucheka alikuwa Melita, na kicheko kikamuumiza mkono. Halafu wakacheka wote, cheko la watu waliokuwa wameshaogopa sana, na nyuma yao ng'ombe wa pande zote mbili wakavunja mstari na kumiminika kwenye kijani, na hakuna aliyekumbuka kuwazuia. Mzee Parkepu alijifuta macho kwa kofia. Kisha akaonekana akimwendea mwenzake wa Esoit, wakaanza kuulizana vijana wa upande gani watalala malishoni leo na wa upande gani kesho.

Mama Melita peke yake hakucheka. Alikuwa akimngoja Simaloi.

"Chuma mengine," alisema. "Hayo ameyala kabla sijakujibu."

Simaloi akainama, akachuma. Mfukoni mwake kisomaji kilikuwa kimewashwa, na hakikulia.